Kilimambogo ni mlima mdogo, lakini unataka siku nzima

Swali tunalopigiwa simu nalo kuliko lolote lile ni hili: "Kwani Kilimambogo si kale kamlima ka karibu na Thika? Mbona mnachukua siku nzima?" Anayeuliza huwa ameuona mlima wenyewe akiwa ndani ya gari, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, umelala upande wa kulia kama ng'ombe aliyeshiba, akapiga hesabu ya haraka: saa moja kupanda, nusu saa kushuka, saa sita mchana tumekaa Thika tunangoja nyama. Simlaumu. Nami nilipiga hesabu hiyohiyo mara ya kwanza, na nilifika nyumbani saa mbili usiku nimebeba viatu mkononi.

Basi nimeona niandike mara moja, ili mtu akiuliza tena nimtumie hii badala ya kumweleza kwa simu huku makanga ananipigia kelele tuondoke. Sisi ni watu wanne na matatu moja ya kukodi. Tunapeleka vikundi Kilimambogo wikendi na sikukuu: vyama, vijana wa kanisa, wafanyakazi wa ofisi moja, na wale wanaojiunga mmoja mmoja mpaka gari linajaa. Hatuna mlima mwingine. Huu mmoja tumeujua.

Kilele kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Longonot, mlima wa volkano ambao karibu kila mteja wetu ameshaupanda, ni mita 2,776, kwa hiyo kwenye karatasi huu wetu ni mtoto. Lakini Longonot ukiteremka garini pale langoni tayari uko juu, na kutoka hapo hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3 na kidogo. Ni mwinuko mkali, unakutoa jasho, unaisha. Kilimambogo kutoka langoni hadi kileleni ni kilomita 9. Barabara ni ya udongo, inajipinda na kujipinda ndani ya msitu, na sisi hushukia njia ileile tuliyopandia. Tisa na tisa, kumi na nane. Hakuna mahali pa kukutoa roho, ila pia hakuna mahali tambarare pa kukupumzisha. Unapanda tu. Ukiuliza "bado sana?" unaambiwa kona moja tena, na kona hizo haziishi. Kundi la kawaida hutumia saa tatu kwenda juu, na chama chenye kina mama wa makamo na mazungumzo mazuri hutumia nne.

Kisha kuna jambo ambalo watu hawalihesabu kabisa, nalo ndilo linalokula muda: tunatembea pamoja. Mwenye miguu mirefu haruhusiwi kutangulia, na aliyechoka haachwi nyuma akae chini ya mti atungoje. Sababu iko kwenye jina la mlima.

Mbogo wapo. Siyo wale wa picha. Hifadhi yote ni kilomita za mraba 20 na kitu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1967, na karibu yote ni kichaka kizito na msitu. Mbogo wa mbugani unamwona akiwa mbali, kwenye nyasi, mnatazamana. Huyu wa hapa unaweza kuwa hatua kumi kutoka kwake na usione chochote ila majani. Ndiyo maana anayepanda kwa miguu hupanda na askari mwenye bunduki wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Askari huyo analipiwa, na ndiyo ile "ada nyingine" ambayo watu hutuuliza kama tumeibuni sisi. Hatukuibuni, na hatuchukui hata senti kutoka kwake. Tunaiandika kando kwenye ankara ili uione.

Nitasimulia tukio moja, kwa sababu limenisaidia kuacha kubishana na wateja. Tulikuwa na bwana mmoja aliyevaa raba nyeupe mpya kabisa, mtu wa mazoezi, ambaye tangu kilomita ya pili alikuwa akilalamika kwamba tunakwenda mwendo wa harusi. Alitaka kukimbia mbele atungoje juu. Afande hakumjibu. Tulipokaribia kona fulani afande akasimama, akainua mkono, nasi tukasimama. Katikati ya barabara kulikuwa na kinyesi, kikubwa, kimejikunja kama chapati zilizopangwa, na kilikuwa bado kinatoa mvuke. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mvuke ule ukaonekana vizuri. Afande alichuchumaa, akatazama nyasi upande wa kushoto zilivyolala, akanusa. Nasi tukanusa: harufu ya zizi. Hapo tukakaa dakika ishirini bila kusema neno, na katika dakika hizo tulisikia kitu kikivunja vijiti polepole, kikiteremka, kisha kimya. Hatukumwona hata mkia. Yule bwana alitembea katikati ya kundi hadi juu na hadi chini, na ndiye aliyenunulia afande soda.

Wanaoogopwa zaidi, askari wanasema, si kundi la mbogo bali dume zee lililotengwa na wenzake, linalolala peke yake kichakani na halipendi kuamshwa. Kwa hiyo ukiona afande anapiga kelele kidogo, anakohoa au anaongea kwa sauti kwenye kona zilizozibwa, usimwone mlopokaji. Anabisha hodi.

Wanyama wengine ni wapole na ni rahisi kuwaona. Mbega weusi wenye mkia mweupe mrefu hukaa juu ya miti mikubwa kuanzia nusu ya njia, kima nao, na ukitulia unaweza kubahatika kuona pongo akivuka. Chatu na nungunungu wapo pia. Nungunungu sijawahi kumwona mwenyewe, nimeokota miiba yake tu, na afande akanirudishia porini: hakitolewi kitu hifadhini, hata mwiba.

Jina nalo lina hadithi. Kwenye ramani na kwenye bango la lango utaona Ol Donyo Sabuk, ambalo ni la Kimaasai, Ol Doinyo Sapuk, yaani mlima mkubwa, mnene. Ukiutazama kutoka nyanda za Athi unaelewa: hauna wa kulinganishwa naye pale, umesimama peke yake. Wakamba wanauita Kyanzavi. Wakikuyu ndio waliouita mlima wa mbogo, lakini wana jina jingine la zamani zaidi nililolipenda, Kianjahi, mlima wa njahi, na njahi hapa ni ile mvua kubwa ya masika. Katika imani ya Wakikuyu, Ngai alikuwa na milima yake pande zote: Kirinyaga kaskazini, Nyandarua magharibi, Ngong kusini, na huu mashariki. Mama mmoja wa chama cha kutoka Gatundu alitusimamisha njiani kutuambia kwamba utotoni mwake, wingu likitanda upande wa Kianjahi, nyanya yake hakungoja tone la kwanza. Alikuwa anaanua nguo na mahindi palepale. Siku ile wingu lilikuwa limetanda. Tulilowa.

Huulizwa pia kama ni volkano, hasa na waliotoka Longonot. Siyo. Miamba ya Kilimambogo ni ya jamii ileile ya kale inayobeba vilima vya Machakos, mawe yaliyopikwa chini kabisa ya ardhi mamilioni mengi ya miaka kabla Bonde la Ufa halijapasuka. Mlima umebaki kwa sababu ni mgumu kuliko vilivyouzunguka; vingine vimeliwa na mvua, wenyewe umekataa. Kinachowachanganya watu ni Yatta. Kutoka upande wa kusini mashariki wa mlima huu unaanza ule mgongo wa Yatta, ulimi wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, mmoja wa mirefu zaidi duniani, na wengi husema lava ile ilitapikwa na Kilimambogo. Wanajiolojia wanaifuatilia hadi upande wa Bonde la Ufa, zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita. Ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale, ikaganda humo. Kisha kingo za bonde zikamomonyoka polepole, lava ikabaki, na palipokuwa chini pakawa juu. Mteja mmoja mwalimu wa jiografia alisikia hayo akakaa chini barabarani akachora kwa kijiti kwenye vumbi, tukapoteza robo saa nyingine.

Sasa makaburi. Yako karibu kilomita ya saba, na nitakuambia ukweli: hapo ndipo safari yetu ilipo, siyo kileleni.

Aliyezikwa pale ni William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, tajiri, pande la mtu, aliyekuja huku mwanzoni mwa karne iliyopita akachukua ardhi upande wa Juja na shamba lake likafika hadi mlimani. Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, alikaribishwa kwake Juja. Mwaka 1918 Waingereza wakampa cheo cha Sir. Mlima ambao makabila matatu yalikuwa yameshaupa jina, kila moja kwa lugha yake, ukawa sehemu ya mali ya mtu mmoja. Alifia Nice, Ufaransa, mwaka 1925, na alikuwa ametaka azikwe juu kabisa ya Kilimambogo. Inasimuliwa kwamba trekta lililokuwa likivuta jeneza lilipanda, likapanda, klachi ikaungua, na wazishi hawakuwa na la kufanya ila kuchimba palepale lilipokwama. Mkewe, Lucie, alizikwa kando yake mwaka 1957, na yupo pia Louise Decker aliyewatumikia. Wanasema hata mbwa wao yuko hapo.

Mimi naiamini hadithi ya trekta kwa sababu moja tu: hapo hapo ndipo wateja wangu nao hukwama. Kilomita ya saba. Sijui kuna nini. Miguu inagoma, mtu anakumbuka simu ya muhimu, mwingine anauliza kama makaburi siyo ndiyo kilele. Zamani tulikuwa tunawasukuma. Siku hizi hapo ndipo tunapokula. Tunakunjua majamvi mawili tuliyobeba, tunatoa viazi vitamu, nduma, mayai na chai ya tangawizi iliyopikwa saa kumi usiku na bado ina moto, na watu wanakaa wakitazama nje. Maana pale msitu umefunguka, na chini yako ni mashamba ya mananasi ya Thika yaliyopangwa kwa mistari, mto Athi unavyojipinda, na siku njema, moshi na maghorofa ya Nairobi kwa mbali.

Wengi hawajui kwamba jina lile wameliona kila wakipita katikati ya Nairobi. Lucie ndiye aliyejenga maktaba ya McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo hadi 1958. Mzee mmoja tuliyempandisha, mwalimu mstaafu, alikaa karibu na kaburi akiwa na kikombe chake, akasema alipita mbele ya simba wale akiwa kijana wa shule bila kujua kama siku hiyo ni ruhusa au la, kwa hiyo hakujaribu. Akanywa chai yake. Hakuna aliyeongeza neno.

Kutoka makaburini hadi juu ni mwendo mfupi uliobaki, na hapa huwa nawaambia wateja mapema ili wasije wakanilaumu: kilele si kizuri. Kuna uwanja mdogo wa nyasi na minara ya mawasiliano iliyozungushiwa ua, inavuma kama friji. Miti inaziba sehemu ya mandhari. Watu hupiga picha, wanakula kilichobaki, wanashuka. Asiyetaka kufika huko hapotezi kitu kikubwa, ila hawezi kubaki makaburini peke yake, tumeshasema kwa nini. Kwa hiyo kabla ya kuondoka pale tunapiga kura: wote juu, au wote chini. Chama kimoja kiligawanyika sita kwa sita na dereva wetu, aliyekuwa ametufuata siku hiyo, akawa ndiye mwenye kura ya mwisho. Alichagua chini.

Kuhusu kuona milima mingine. Ndiyo, Mlima Kenya unaonekana, uko kilomita kama 110 moja kwa moja upande wa kaskazini. Ndiyo, hata Kilimanjaro huonekana, ingawa iko zaidi ya kilomita 200 kusini. Lakini sitakuahidi. Wapo wanaouza safari hii kwa picha ya Kilimanjaro, na mtu akifika juu mwezi wa saba anakuta ukungu mweupe kama maziwa. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zetu huwa za mawingu mazito ya chini, na mara nyingi mlima wenyewe umo ndani yake. Ukitaka kuona mbali, njoo baada ya vuli kukatika, kati ya mwisho wa Desemba na Februari, na njoo mapema, kabla joto halijapandisha vumbi. Machi hadi Mei tunapeleka pia, msitu ni wa kijani ajabu, ila udongo ule ukilowa unakuwa sabuni. Mwaka mmoja tulishuka kilomita mbili za mwisho tumeshikana mikono kama watoto wa nasari.

Watu hutaka tuunganishe safari na maporomoko ya Fourteen Falls, kwa sababu ni karibu, kwenye mto uleule wa Athi unaouvuka ukitoka barabara kuu. Tunapita, ndiyo, jioni tukirudi, kama kuna mwanga. Ni maporomoko mazuri, maji yanaanguka mita 27 kwa mikono mingi yakiwa mapana. Lakini hatuwaruhusu wateja wetu kuoga. Athi unapokea mito inayopita Nairobi, na kuna siku utaona povu juu ya maji na harufu itakuambia imetoka wapi. Vijana wa pale watakupigia hadithi, watakuonyesha wanavyoruka, watakuuzia safari ya mashua. Wape chao, tazama, piga picha. Maji hayo yana safari ndefu bado: yanaitwa Galana yakishapita Tsavo, kisha Sabaki, na yanaingia bahari kaskazini ya Malindi. Tulikuwa na dada mmoja mzaliwa wa Malindi aliyesimama pale juu ya mwamba akayatazama, akasema, "Kumbe nyinyi ndio mnatuletea hii." Alikuwa anacheka, lakini nusu tu.

Mengine ni ya kazi. Ada ya kuingia hifadhini inalipwa KWS kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, langoni hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo tutumie namba ya kitambulisho siku mbili kabla ili tulipe kwa pamoja. Mtandao pale langoni una siku zake. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020, na begi lako linaweza kukaguliwa, kwa hiyo beba maji kwenye chupa yako ya kudumu, lita 2 kila mtu. Njiani hakuna bomba wala kioski. Viatu viwe vilivyokwisha kukuzoea. Mpya, hata kama ni vya bei, vinauma kuanzia kilomita ya nne, na ngozi ya kisigino haijali bei. Sweta lazima, hata kama Thika kuna jua. Watoto tunachukua kuanzia miaka kumi, si kwa sababu hawawezi kutembea, wanatushinda; ni kwa sababu ya ile kimya ya dakika ishirini.

Asiyeweza kutembea kilomita 18, atuambie bila aibu. Gari lenye nguvu, la magurudumu manne, hupanda hadi juu ardhi ikiwa kavu, na tumeshapandisha wazee kwa njia hiyo wakakuta wenzao makaburini wanawangoja na chai. Anayetaka kulala, kuna nyumba ya wageni ya KWS na eneo la kupiga kambi ndani ya hifadhi. Hilo tunaweza kukusaidia kuulizia, ila si sisi tunaoliendesha.

Matatu inaondoka Thika saa kumi na mbili unusu asubuhi, siyo saa moja. Tukiwa langoni kabla ya saa mbili, tunapanda kwenye kivuli. Aliyechelewa tunampigia simu mara mbili. Ya tatu tunakuwa tayari tumefika Kilimambogo kwenye njia panda, na kutoka hapo kuna bodaboda.